Mchongoma Alioupanda Bibi Nkwimba

Mwaka ziwa lilipopanda
lilianza na kamba ya kuanikia nguo,
likaja na mgomba, likaja na choo cha Luhende,
likameza mawe matatu ya mpaka
kama mtu anayemeza vidonge bila maji.
Luchelele yote ikarudi nyuma, majabalini,
na huko, penye hatua mbili za udongo
kati ya jabali la pimbi na jabali la dagaa,
bibi yangu na shemeji yake
wakagundua kwamba hawakuwahi kupendana.

Hakwenda kwa mtendaji.
Alikwenda na debe porini nyuma ya Nyegezi,
akarudi na miche kumi na minne,
akaipanda kwa mstari, asubuhi moja, kimya,
akanawa mikono mbele ya Luhende.
Luhende akacheka: "Kupanda mchongoma..."
Bibi akamkata: "Mimi nimeshapanda.
Wewe tafuta pa kushukia."

Ziwa likashuka.
Lilishuka taratibu, kama mgeni anayeaga mara tatu,
likarudisha mawe mawili kati ya yale matatu.
Hakuna aliyekwenda kuyatazama.
Ua ulikuwa umeshafunga:
miiba mirefu kama sindano ya kushonea magunia,
kwenye shina, kwenye tawi, mwiba juu ya mwiba.
Kuku wa kwetu waliishia kwetu.
Maamkizi pia.

Ila mchongoma hausikilizi kesi.
Ulifuata jua, na jua la jioni liko upande wa ziwa,
ukainama kule. Mizizi kwetu, machongoma kwa Luhende,
mekundu kwanza, kisha rangi ya damu ya juzi,
kisha meusi, na hapo ndipo ndege huanza kelele.
Sisi tulibaki na ile mitatu ya kando ya jiko,
madume: maua kila msimu, tunda hakuna.

Chini yake pimbi walikuwa na njia yao.
Pimbi, na mimi, na Gindu, mjukuu wa kule.
Tulilala kifudifudi, yeye kwao, mimi kwetu,
tukafanya biashara:
kiganja cha dagaa kwa viganja viwili vya machongoma.
"Fikicha kwanza," alinifunza.
"Lizungushe mikononi mpaka lilegee,
la sivyo litakukunja uso kama deni."

Siku moja mwiba ulivunjikia kisiginoni mwangu.
Bibi aliutoa kwa mwiba mwingine.
Hakuuliza nilikuwa wapi.
Alininusa mdomo tu,
akaendelea kuchokoa, kwa nguvu zaidi kidogo.

Alipolazwa Bugando, ghorofa ya saba,
alikataa uji, akakataa mchuzi wa sato.
"Nataka machongoma."
Nikasema nitapitia sokoni Kirumba.
"Ya kule," akasema, akageukia ukuta.

Nilimkuta Luhende tayari yuko uani,
mzee wa miaka themanini, mikono ndani ya miiba,
shati limeraruka begani.
Hakuuliza hali ya mgonjwa.
Alijaza kopo la maziwa ya unga,
akalifunika kwa jani la mgomba.
"Mwambie nimeyafikicha."

Bibi alikula moja moja.
Mbegu alizitema kiganjani, akazihesabu.
"Thelathini na moja," akasema. "Bado namdai."

Juzi amekuja mpima na mashine yake ya satelaiti.
Anasema ua wote uko ndani ya mita sitini za ziwa,
si wetu, si wa akina Gindu,
na wenye ugomvi wao wameshalala kule juu,
penye udongo mkavu, hatua mbili kati yao.
Aliyasema hayo akiwa katikati ya mchongoma,
suruali imenaswa mbele na nyuma, faili kichwani.
"Dada, hapa natokaje?"

Nilichuma moja, nikaanza kulifikicha.
Sikuwa na haraka.